Unga wa Ndani kwenye Jua la Ndalu

Wiki jana walinipatia fimbo ya kutembelea. Ati zawadi ya kustaafu. Niko na miaka ishirini na tano, meno yote iko, magoti hainiumi, lakini Mzee Kariuki alisimama mbele ya kila mtu hapa wakshop akasema, "Huyu mama ametumikia hii kazi mpaka amezeeka," watu wakapiga makofi, na mimi nikalia kama mjinga. Naenda chuo cha ualimu. Miaka sita na nusu ya kupiga chuma rangi imeisha, na kama hiyo si kustaafu basi mnipatie jina lingine.

Sasa Kevo na Nasimiyu, nyinyi ndio mtashika bunduki ya rangi baada yangu. Mmenisumbua niwaandikie vile kazi iko, kwa sababu mnajua nimekuwa nikiandika daftari tangu siku ya kwanza. Nimeandika. Mambo ya mshahara nimeruka, hiyo mnajua, na tukianza kuiongea tutaharibu siku. Someni mpaka mwisho, msifanye vile mnafanya na karatasi za maelezo zinazokuja ndani ya boksi.

Nilifika Kitale mwaka wa 2003, mwezi wa pili, nikitoka nyumbani Bumula. Nilikuwa nimemaliza Form Four na nilikuwa na haraka ya kila kitu. Shangazi yangu aliniambia kuna mzee nyuma ya posho mill anatafuta mtu wa kupiga vyuma unga. Nikadhani ni kazi ya posho mill. Nilienda nimevaa nguo mbaya ya kumwagikiwa na unga wa mahindi.

Nilikuta mwanaume mfupi, kofia ya sufu, anakunywa chai na kikombe cha bati. Huyo ndiye Mzee Kariuki. Alikuwa amejifunza hii kazi Nairobi kwa viwanda, halafu akarudi kwao Kitale, akajenga oveni yake mwenyewe na mabati mazito na pamba ya kuzuia joto. Akaniangalia.

"Umesoma mpaka wapi?"

"Form Four."

"Chemistry ulipata nini?"

"C plain."

"C inatosha kuosha chuma."

Basi nikaosha chuma. Niliosha miezi mitatu. Kila siku nilimuuliza nitashika bunduki lini, na kila siku alisema, "Form Four, hiyo kona bado iko na mafuta." Jina likanishika. Mpaka leo kuna wateja hawajui naitwa Nekesa.

Nitawaambia kitu ambacho nilikataa kuelewa hiyo miezi mitatu. Unga wetu ni rangi kavu, laini kuliko ngano. Bunduki inaurusha na nguvu ya stima, chuma imefungwa kwa waya wa kuenda ardhini, unga unaruka wenyewe unashika. Halafu chuma inaingia kwa oveni, unga unayeyuka, unakuwa ngozi. Hiyo ngozi ikikaa juu ya kutu ama mafuta, itakaa vile plasta inakaa kwa mkono uko na jasho. Siku ya kwanza inapendeza. Mvua moja, imeinuka.

Kwa hivyo osheni. Mkishaosha, osheni tena na maji ya mvua, si ya mfereji. Kona kali za chuma mzipige msasa zikuwe mviringo kidogo, kwa sababu unga hukimbia kona, na kutu hupenda mahali unga umekimbia. Bomba lenye liko wazi ndani mlitoboe tundu chini maji itoke. Ndoano za kuning'iniza zikishika unga mwingi, zichomeni zikuwe safi, la sivyo stima haipiti na mtarusha unga mpaka Krismasi ukianguka tu chini. Kevo, hiyo ya ndoano ni yako.

Mwezi wa nne ndio nilishika bunduki. Nilipiga kiti kimoja, nikapiga pia ukuta, na shati ya Mzee. Akajiangalia, akasema, "Sasa mimi nikiingia oveni dakika kumi, sitapauka tena maisha yangu."

Lakini kile kilinifunza kazi kuliko bunduki ni paa. Mnaona vile vibao vimepigwa misumari juu ya mabati, mnadhani ni takataka? Kila aina ya unga iliyowahi kuingia hapa, Mzee alipiga kwa kibao kimoja, akakipeleka juu. Nusu ya kila kibao imefunikwa na kipande cha mabati, nusu iko uchi. Ukitaka kujua jua limefanya nini, unainua kifuniko unalinganisha. Halafu unapitisha soksi nyeusi, ile ya shule, juu ya nusu yenye iko uchi. Soksi ikitoka safi, huo unga ni mzima. Ikitoka na vumbi, jua limeanza kuukula.

Hapa kwetu tuko juu, karibu na mstari wa ikweta, na jua hata siku ya baridi linapiga wima. Watu wa kiwanda huandika kwa boksi ati rangi ni ya nje, lakini nje ya wapi? Nje ya kwao. Mzee alikuwa akisema, "Boksi inaongea. Paa inaapa."

Mimi nilikuwa napanda huko kila Jumatatu. Nilitaka kuona kitu. Mzee anasimama chini na chai yake.

"Form Four, umeenda kuamsha jua?"

"Naangalia tu, Mzee."

"Ulipanda mahindi lini ukayafukua Jumatatu kuangalia kama yanaota?"

"Nikiwa mdogo nilifanya hivyo."

"Na yakaota?"

Nikashuka.

Nilichoona huko juu, baada ya muda mrefu sana kwa mtu kama mimi, ni hiki. Kuna unga wa epoksi. Huo ni mgumu, unashika chuma kama kupe, dawa haiutoi, maji haiuingii. Lakini jua linaugeuza chaki kwa miezi michache. Huo ni wa ndani: vitanda, kabati, rafu. Kuna wa poliesta, huo ndio wa nje. Na kuna poliesta ya kiwango cha juu, bei yake inauma, lakini kwa jengo lenye litasimama miaka mingi bila kivuli, muulize mteja mara mbili kabla hajasema hapana. Kuna pia ule wa mchanganyiko, nusu epoksi nusu poliesta, wenye mawakala wa mauzo husema ni wa kila mahali. Si wa kila mahali. Ni wa ndani na jina refu.

Na rangi zenyewe hazilingani. Nyekundu kali, njano kali, hizo huchoka haraka. Kahawia, krimu, kijivu, maruni iliyotengenezwa vizuri, hizo hukaa. Kuna mwenye baa alikataa kusikia, akataka geti nyekundu kama soda. Baada ya mwaka likawa rangi ya ufizi. Alirudi akatuuliza kama siku hizi tunatengeneza pia meno. Kwa chuma ya nje msisahau praima ya zinki chini, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, hata mteja akisema ana haraka. Nasema hivi mimi, mtu ambaye haraka ilimfikisha pale nitawaambia sasa hivi.

Mwaka wa tatu wangu, mwezi wa kwanza, alikuja Mwalimu Wafula kutoka Ndalu. Alikuwa hedimasta amestaafu, na alikuwa amejenga nyumba ya ghorofa moja pale sokoni, na watu walikuwa wakienda kuiangalia hata kama hawana shida na yeye. Alitaka reli za baraza ya juu, vipande kumi na vinne, rangi ya maruni. Alikuja na swali kumi na nne pia.

"Huu unga wenu," akasema, akikwaruza kibao cha mfano na ufunguo, "utakaa miaka mingapi?"

"Mwalimu, mimi sisemagi miaka," Mzee akasema. "Nikisema kumi, utahesabu. Nikisema tano, utaenda kwa mtu atasema kumi."

"Sasa nitajuaje?"

Mzee akaingia ndani, akatoka na soksi moja nyeusi, mpya, akampatia. "Kila mwezi wa tisa chukua hii, pitisha kwa reli. Siku itatoka na vumbi, unipigie. Nitakuja nitoe hizo reli na mkono yangu."

Mwalimu akaipindua soksi. "Na ingine?"

"Ile ingine ni yangu."

Mwalimu akacheka mpaka akatoa miwani. Lakini alipofika Ndalu aliambia kila mtu. Jirani yake wa ng'ambo ya barabara alikuwa Mzee Simiyu, mwenye duka la mbegu na mbolea, na huyo alikuwa akipaka geti lake na rangi ya mafuta, brashi, kila Krismasi, kama watu wote. Akamwambia Mwalimu mbele ya watu, "Umepaka nyumba unga? Panya watashukuru." Tangu siku hiyo reli za Mwalimu hazikuwa za Mwalimu peke yake. Soko lote la Ndalu lilikuwa likingojea.

Sasa hapa ndipo nataka mpunguze kusoma mbio.

Ilikuwa Ijumaa. Mzee alikuwa ameenda mazishi Cherangany. Lori la kubeba reli lilikuwa linakuja Jumamosi asubuhi. Nilikuwa nimeongeza hewa ya bunduki ili nimalize haraka, na ukiongeza hewa unga mwingi unapita chuma unaenda ukutani. Kwa hivyo nilipofika reli ya kumi na mbili, boksi ya maruni ya nje ikaisha. Zimebaki mbili. Boksi ingine kutoka Nairobi ni siku nne.

Chini ya meza kulikuwa na maruni. Ilibaki kwa vitanda vya hosteli tulivyopiga mwaka uliopita. Kiwanda ni kile kile, namba ya rangi ni ile ile. Lakini boksi za nje tuliweka juu kwa rafu, na za ndani chini ya meza, na hakuna mtu hapa alikuwa hajui hivyo. Mimi mwenyewe ndiye nilikuwa naambia wageni.

Nilipiga hizo mbili na unga wa ndani. Zilitoka kwa oveni zikiwa nzuri kuliko zingine. Nikazichanganya na zile kumi na mbili, zikapoa, na baada ya nusu saa hata mimi sikujua ni zipi. Kwa daftari yangu ya siku hiyo nimeandika: "Nimemaliza kabla ya saa kumi na moja. Hakuna mtu atajua." Nimeisoma tena juzi. Huyo msichana alikuwa na mwandiko mzuri sana.

Jumatatu Mzee akarudi akauliza, "Unga ulitosha?"

"Ulitosha."

"Haya. Wewe unajua kubana."

Hiyo "unajua kubana" sikuiandika kwa daftari. Niliacha kupanda paa. Mzee akaona. "Form Four, jua limekuudhi?" Nikasema nina kazi. Mwezi wa tisa nikapanda mara moja, nikatafuta kibao cha ule unga wa hosteli, nikapitisha kidole. Kidole kilitoka kama nimefuta ubao darasani.

Wiki hiyo hiyo Mzee Simiyu akatokea wakshop. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kujenga kanisa lao. Kanisa lilikuwa na madirisha arobaini na mawili, yote na grili za chuma, na kamati ilikuwa imekaa mara nne ikibishana kuhusu rangi. Alisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Kariuki, mimi si rafiki ya huu unga wako," akasema. "Lakini kamati imesema niangalie reli za Mwalimu. Jumapili ijayo baada ya ibada tunaenda wote na ile soksi. Ikitoka safi, nakuletea madirisha. Ikitoka chafu, vijana wa kanisa watapaka na brashi."

"Njooni hata na sabuni," Mzee akamwambia.

Alipoenda, Mzee alikaa chini akapiga hesabu ya gesi ya oveni, akaniambia wazi. Mwaka huo mahindi ilikuwa imelala, watu hawakuwa wakijenga. Bila hayo madirisha, angefunga wakshop mpaka mwaka mpya, na pengine hangeifungua. "Lakini hakuna shida," akasema. "Zile reli nazijua."

Hakuzijua. Mimi ndiye nilizijua, na hata mimi sikujua zote.

Nilimwambia siku iliyofuata saa ya githeri. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kuanzia, nikasahau yote.

"Mzee, reli mbili za Mwalimu ni unga wa ndani."

Aliendelea kutafuna. Akameza. "Mbili."

"Mbili."

"Zipi?"

"Sijui. Nilizichanganya."

"Haiya. Hata umeniibia na hujui umeweka wapi." Akaweka sahani chini. Hakupiga kelele, na ningefurahi kama angepiga. Alitoka akaenda kufungua boksi ya vifaa karibu na oveni. Halafu akarudi na spana mbili, namba kumi na tatu na kumi na saba.

"Kesho unaenda Ndalu. Peke yako. Utamwambia Mwalimu kabla hajakuambia. Halafu utatoa hizo mbili, urudi nazo."

"Na Mzee Simiyu akiniona?"

"Si ana macho? Atakuona."

"Atatunyima madirisha."

"Pengine." Akachukua sahani yake tena. "Lakini Jumapili soksi itaongea mbele ya kanisa lote. Afadhali uongee wewe, wewe angalau umefika Form Four."

Nilifika Ndalu saa nne asubuhi. Nilitaka kusema neno langu langoni, nitoe reli, nikimbie. Lakini nani amewahi kuingia kwa mtu wa kwetu akasema shida yake mlangoni? Mama Mwalimu alinikalisha. Akaniuliza watu wa Bumula wako aje. Akaniletea maji ya kunawa. Akaleta chai, ndizi, mayai. Mwalimu akaomba, na aliombea wasafiri wote wa barabara mmoja mmoja. Nilikuwa nimeshika spana chini ya meza, jasho inanitoka.

"Kula, binti," Mwalimu akasema. "Kariuki hakulishi?"

"Mwalimu, nimekuja na jambo."

"Jambo halitoroki. Mayai inapoa."

Nilikula yai zima kwa mara moja, nikakohoa, nikasema kila kitu nikiwa bado na yai mdomoni.

Mwalimu akavua miwani. "Meza, halafu urudie. Kwa sauti."

Nilirudia kwa sauti, nimesimama, mikono nyuma, hata sijui nani aliniambia nisimame. Mwalimu ni mwalimu. Na mlango ulikuwa wazi, na ng'ambo ya barabara Mzee Simiyu alikuwa ametoka nje ya duka kupepeta vumbi kwa magunia. Aliacha magunia. Alivuka.

"Nimesikia vizuri?" akauliza. "Unga umeoza?"

"Haujaoza," nikasema. "Kumi na mbili ni nzima. Mbili nilizipiga na unga wenye si wa jua. Mimi. Mzee Kariuki hakuwa anajua."

"Mayi! Na umekuja kujisema?"

"Nimekuja kuzitoa."

Mwalimu akaenda chumbani akaleta ile soksi. Akanipatia kama mtu anakupatia karatasi ya mtihani. "Panda. Tutakuwa hapa chini."

Nilipanda baraza ya juu nikaanza upande wa barabara. Reli ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Chini kulikuwa sasa na watu saba, na Mzee Simiyu alikuwa akihesabu kwa sauti kama mnada. Reli ya sita soksi ikatoka na vumbi la waridi, nene, mpaka mwanamke mmoja akasema "Wuui." Nikaendelea. Saba, nane, mpaka kumi na nne iliyo upande wa nyuma, chini ya paa. Zote safi.

"Ni moja!" Mzee Simiyu akapiga kelele. "Hata hesabu yako ya wizi ni mbaya!"

Watu wakacheka. Mwalimu naye akatabasamu, akasema, "Basi toa hiyo moja, binti. Moja si neno. Jumapili haitaonekana sana."

Ningeshuka hapo. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, mguu mmoja ulikuwa umeshuka ngazi. Soksi ilikuwa imenipa ruhusa, Mwalimu amenipa ruhusa, na mwenyekiti wa kamati ya kanisa alikuwa amesimama hapo chini akicheka vizuri. Lakini mimi nilipiga mbili. Reli nne za nyuma zilikuwa kwa kivuli cha paa siku nzima, na kwa kivuli unga wa ndani unaweza kukaa ukidanganya miaka. Siku Mwalimu ataongeza chumba, paa itolewe, jua lifike hapo, Mzee Kariuki atakuwa amekufa ama amezeeka, na jina lake litakuwa chaki.

"Iko ingine," nikasema. "Haionekani kwa soksi. Mama, kuna dawa ya kutoa rangi ya kucha hapa?"

Mama Mwalimu ni mtu wa Umoja wa Wamama wa kanisa. Aliangalia mumewe, akaangalia Simiyu. "Ni ya wasichana," akasema haraka, "waliiacha," akaingia ndani, na akarudi mbio sana kwa mtu hajui kitu iko wapi.

Nililowesha pamba. Nikalala kifudifudi kwa baraza, nikasugua chini kabisa ya reli, mahali hakuna mtu ataona. Reli ya kumi na moja, pamba ikatoka na maruni kidogo. Ya kumi na mbili, maruni kidogo. Ya kumi na tatu, nikasugua, nikasugua tena, pamba ikabaki nyeupe kama ilivyotoka dukani. Ya kumi na nne, maruni.

"Ni hii ya kumi na tatu," nikasema.

"Ngoja," Simiyu akasema kutoka chini. "Yenye imetoa rangi ndiyo nzuri, na yenye haijatoa ndiyo mbaya?"

"Kwa hii dawa, ndiyo, Mzee. Unga wa ndani ni mgumu kuliko wa nje. Dawa haiuwezi. Ni jua tu ndilo linauweza."

"Sasa mgumu ndio mbaya."

"Mgumu ni mzuri ndani ya nyumba."

Simiyu akapangusa vumbi mikononi. "Kama mimi," akasema, na watu wakacheka sana, kwa sababu mke wake alikuwa hapo.

Nilifungua zote mbili. Baraza ya Mwalimu ikabaki na mapengo mawili, moja mbele kabisa kwa barabara, siku nne kabla ya kamati. Mwalimu akafunga kamba ya katani hapo ili wajukuu wasianguke. Alinisindikiza mpaka kwa pickup ya mahindi iliyonibeba. Alisema tu, "Ukifika, mwambie Kariuki soksi yake iko na mimi bado."

Kutoa unga wa ndani kwa chuma ni adhabu kamili, mkitaka kujua. Nilichoma, nikasugua na brashi ya waya, nikachoma tena, siku tatu, mpaka ngozi ya vidole ikatoka. Mzee alikuwa akipita na chai. "Pole, Form Four. Hiyo uliipika vizuri sana." Ni hapo nilijua tutaongea tena. Nikapiga zote mbili upya, praima ya zinki kwanza, na unga wa nje uliokuwa umefika kutoka Nairobi. Lakini Jumapili ilikuwa imepita, na hatukusikia neno kutoka Ndalu. Jumatatu hakuna. Jumanne hakuna. Mzee alianza kuosha oveni, na mtu haoshi oveni kama ako na kazi.

Jumatano Mzee Simiyu akaingia na grili moja ya dirisha imefungwa nyuma ya baiskeli. Akaishusha, akaiegemeza ukutani.

"Kamati ilikwenda," akasema. "Waliona mapengo. Mwalimu akawaambia yote, pamoja na ile ya kucha. Wamebishana mpaka giza likaingia." Akafuta jasho. "Nani atapiga hii?"

"Mimi," Mzee Kariuki akasema. "Mwenyewe. Yote arobaini na mbili."

"Hapana. Nataka huyu msichana."

"Simiyu, huyu ndiye alikosea."

"Ndiyo. Nimemwona akikosea, na nimeona vile anafanya akikosea. Wewe, Kariuki, sijawahi kukuona ukikosea. Sijui utafanya nini."

Mzee akachukua hiyo grili akaniwekea mikononi. Nikaenda kuiosha.

Reli mbili za Mwalimu nilizirudisha nikazifunga na spana zile zile, halafu nikapiga madirisha yote. Kila moja niliandika kwa daftari limepigwa unga wa boksi gani, na hiyo ndiyo orodha mnalalamika kuijaza kila jioni. Mzee Simiyu alikuja kukagua mara tatu, safari yote kutoka Ndalu na baiskeli. Kila mara alizunguka, akashika chuma, akaniuliza polepole kama bado sijakosea mahali. Nikamwambia bado. Akapanda baiskeli yake akaenda, na ukimwangalia mgongo ungedhani ametoka kunyimwa kitu.